Zindiko la Muuza Vitambaa

Kwenye mwimo wa mlango wetu, upande wa kulia unapoingia, pana kijisanduku cha bati, kirefu kama kidole cha mwanamume, kimekaa mshazari. Kengele yetu yenyewe iliharibika zamani na mlinzi wa jengo kila siku anasema kesho, kwa hiyo vijana wanaoleta chakula kwa pikipiki hukibonyeza kile wakidhani ndiyo kengele. Wanabonyeza, wanangoja, wanabonyeza tena. Mimi nimo ndani nawatazama kwa tundu la kioo, nacheka peke yangu, kisha nawafungulia. Nilikuwa nacheka, niseme. Sasa lifti ikifunguka natega sikio kwanza, nasikiliza viatu, na mpaka nijue ni vya nani mkono wangu uko kifuani.

Mjukuu wangu ameshayaandika haya upande wake, kwa Kiingereza, akapewa maksi nzuri, na humo ndani mimi natajwa kama bibi mmoja. Basi huu ni upande wa huyo bibi mmoja. Nimesoma chuoni, chuo cha Kurani, na madarasa machache tu, mkinikuta nimeruka jambo mtanivumilia, nitalirudia.

Nilikuja Dubai bibi arusi, kutoka Unguja, na sikuja kwenye majengo haya ya lifti. Nilikuja Deira, nyuma ya maghala ya viungo, kwenye nyumba ya zamani ya mawe yenye vyumba vinavyotazama ua, na kisima cha maji ya chumvi ambayo ukifulia sabuni haitoi povu. Marehemu mume wangu alikuwa akipakia mizigo pale ukingoni mwa Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini: matairi na majokofu na magunia ya mchele ya kwenda kwetu, kisha mgongo ukamshinda akapewa kulinda ghala. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa ajili yetu sote wawili, na mnaona sijaacha.

Kijisanduku tulikikuta mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiajemi, mzee sana, kutwa yuko uani na kiko chake cha maji. Siku ya kwanza alituambia tusikiguse. Ni cha mpangaji wa zamani, akasema, kabla yenu na kabla ya waliokuwa kabla yenu, muuza vitambaa aliyetoka upande wa Basra. Kila akiingia alikigusa kwa vidole kisha akavibusu vidole, na akitoka vile vile. Siku moja akafunga safari, akasema atarudi, akaacha hata majora ya kitambaa dukani. Hakurudi.

Sasa mtu wa Unguja ukimwambia habari kama hiyo atafikiri nini? Mimi na mume wangu tulitazamana tu. Hilo ni zindiko. Kwetu nyumba huzindikwa. Mwalimu huandika aya, huikunja ile karatasi, huitia kwenye bati au ngozi, ikafukizwa ubani, ikapigiliwa mlangoni au ikazikwa chini ya kizingiti, na jicho la hasidi haliingii. Tena tukaona la huyu muuza vitambaa ni zindiko zito, maana bati lake lina alama mfano wa uma wa meno matatu, tukasema huo ni muhuri wa sharifu mkubwa wa huko kwao.

Tukalitunza. Kila Alhamisi magharibi nililipitishia chetezo. Mwanangu alipozaliwa, na ndiye huyo huyo mmoja niliyejaaliwa, babake kabla ya kumwingiza ndani alimgusisha paji la uso pale. Na nyumba ilipotakiwa kubomolewa, mume wangu aliswali alasiri, akalibandua kwa ncha ya kisu, akalishika mkononi ndani ya gari la mizigo njia nzima mpaka huku Qusais, hakuliweka chini hata kwenye kiti. Akalipigilia kwenye mlango wa fleti kulia kule kule, kimo kile kile, mshazari ule ule.

Nikamwambia, "Si ulinyooshe sasa, limekaa kama limelewa."

Akasema, "Aliyelipiga alijua kwa nini. Wewe unajua nini?"

Basi masharti yake tuliyoyashika ni haya, na hatukuambiwa na mtu, yalikuja yenyewe kama masharti yanavyokuja: halifunguliwi, haliwekwi chini, na halitolewi mlangoni kama ndani mna mja mzito. Hilo la mwisho ndilo lililonitia hofu mpaka leo, na nitakwambieni sababu. Miaka michache nyuma, mume wangu ameshatangulia, wapaka rangi wa jengo walipita korido yetu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ndiyo huyu mjukuu wangu wa kike. Mimi nilikuwa zahanati na presha yangu. Wale vijana wakaling'oa, wakaliweka sakafuni kando ya kopo la rangi. Nililikuta pale jioni, nikaliokota, nikalifuta, nikawaomba walirudishe, wakalirudisha. Wiki hiyo hiyo mimba ikatoka. Sisemi ndiyo sababu. Daktari alitaja sababu yake kwa Kiingereza kirefu. Lakini mimi ndiye niliyeliokota sakafuni, na mimi ndiye niliyefua yale mashuka.

Miaka ikapita hapana kitu, mpaka mwaka jana akashika tena. Safari hii hospitali walimshona mlango wa kizazi mimba isitoke, wakamwambia alale, asiinue hata sufuria. Basi nyumba yetu ikawa ya watu wanaotembea kwa ncha za vidole. Mimi napika, mjukuu anarudi shule, mwanangu anarudi ghalani kwake huko karibu na uwanja wa ndege, na sote kitu cha kwanza tunatazama mlango wa kile chumba. Kila siku iliyopita tuliiona kama tumeiba.

Katikati ya hali hiyo ndipo mjukuu wangu alipokuja jikoni na begi bado mgongoni. Nilikuwa nachambua mchele.

"Bibi, lile zindiko si zindiko."

"Usiseme hivyo, mlango unasikia."

"Sikia kwanza basi. Ni la Wayahudi."

Nikadhani mzaha. Huyu mtoto ana mzaha wa babu wa upande wa mamake, watu wa Tanga, huwezi kujua lini wanasema kweli. Lakini hakucheka. Akaniambia mwalimu wao amewapa kazi ya kutafuta watu waliokaa hapa Khor kabla yetu. Kundi moja likachukua Waajemi, moja Mabaluchi, moja Mabaniani, na kundi lake lilichelewa kuchagua, wakabakiziwa Wayahudi. Walikwenda Deira na mwalimu, wakauliza duka kwa duka. Watu wakawaambia hawajui, hawajasikia, nendeni kwa mwingine. Mzee mmoja tu, muuza vifungo, aliwaambia walikuwapo, wachache, watu wa vitambaa na wa kubadilisha fedha, akawaonyesha kichochoro chao. Kichochoro kimekuwa maegesho ya magari. Walisimama pale wakapiga picha magari. Kisha darasani mwalimu akawaonyesha picha ya mlango wa nchi nyingine, akasema nyumba zao hujulikana kwa kitu kama hiki. Mjukuu wangu akanyoosha mkono.

"Nikasema, hicho kiko kwetu."

"Mbele ya darasa zima?"

"Ndiyo."

"Wakasemaje?"

"Mmoja akauliza kama sisi ni Wayahudi. Nikamwambia sisi Wazanzibari."

Niliinuka nikafunga mlango wa jikoni ili mamake asisikie. Nikaushika ukingo wa sinki. Mimi sitajifanya nilikuwa na moyo mweupe. Neno lile, Myahudi, nyumbani kwetu sikuwahi kulisikia ila kwa hasira, na siku hizi ndiyo zaidi, na simu hizi na yale yanayoonyeshwa ya watoto chini ya vifusi. Mara ngapi nimeizima simu kwa kulia. Na siku zile zile za kulia, Alhamisi ikifika, nilikuwa nakwenda mlangoni na chetezo. Nikajiuliza machozi yangu na ubani wangu vilikuwa vinapishana wapi.

"Na ndani mna nini?" nikamuuliza. Miaka yote sijawahi kuuliza.

"Maandishi. Ule uma wa meno matatu ni herufi yao. Mwalimu anasema yanasema Mungu ni mmoja, na kwamba uyaandike maneno hayo kwenye miimo ya mlango wako."

"Mungu ni mmoja?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi hilo mbona tunalijua," nikasema.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa mlango wa mbele. Korido yetu ina milango miwili inayotazamana, wetu na wa jirani yangu. Ni Mpalestina, rika langu, mjane kama mimi. Dadake yuko huko kwenye vita na wanawe na wajukuu, na kila simu ikilia kwake mimi huku naacha kutafuna. Urafiki wetu ni wa sahani. Mimi nampelekea vitumbua, yeye anarudisha sahani na wali wake ule wa kupindua, mimi narudisha na mkate wa ufuta, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani tupu. Sasa kila akifungua mlango wake, kitu cha kwanza mbele ya macho yake ni lile bati. Nilifikiri siku atakayojua. Nilifikiri uso wake.

Mwanangu alipata habari jioni ile ile, maana binti yake hajui kuficha. Akaenda moja kwa moja kwenye droo ya bisibisi.

"Linatoka leo. Khalas."

"Mkeo yuko katika hali gani?" nikamwambia polepole.

"Mama, visa zenu nyote ziko mgongoni kwangu. Mtu akitupa neno moja kwenye grupu la simu, kesho arbab, mwenye kazi, ananiita."

Mtoto akadakia, "Baba, serikali haikatazi. Mwalimu kasema siku hizi hapa wana mpaka mahali pao pa kusalia."

"Wewe nyamaza. Serikali siihofii. Nahofia korido."

Mara tukasikia mlango wa chumba. Mkwe wangu amesimama, mkono mmoja ukutani, mkono mmoja chini ya tumbo.

"Nani anagusa mlango?"

"Rudi ukalale," akasema mwanangu.

"Nimeuliza nani anagusa mlango."

Ikabidi aambiwe. Aliambiwa na binti yake, kwa maneno machache, na mimi nilikuwa namtazama tumboni, si usoni, kama vile tumbo ndilo litakalojibu. Kisha akamwambia mumewe:

"Mara ile lilipotolewa hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Halitoki mpaka nijifungue. Likiwa la Myahudi, likiwa la Mchina, likiwa la nani. Nikishajifungua, fanyeni mtakavyo."

"Utakapojifungua tu," akasema mwanangu, akarudisha bisibisi kwenye droo. Ikawa ndiyo ahadi yetu, na tukaanza kuogopa pande zote mbili: likibaki, watu, likitoka, mtoto.

Mngedhani tungekaa kimya sasa. Mwalimu akaomba kuja na kundi lake walione. Mimi nilikataa. Mjukuu akanibembeleza, akaninunia, akanisugua miguu kwa mafuta ya nazi bila kuombwa, mwisho nikakubali kwa masharti: wasiliguse, wasitaje jina wala nambari ya nyumba, na waje Jumanne baada ya alasiri, kwa sababu Jumanne jirani yangu huenda kununua mboga na hukawia sana akibishana bei.

Wakaja wanne pamoja na wangu. Mmoja Mhindi, mmoja Mganda, mmoja binti wa hapa hapa mwenye meno ya waya. Mwalimu wao ni mwanamke wa Kenya, mrefu, mpole. Niliwapa chai ya maziwa na visheti. Wakaniuliza habari za muuza vitambaa, nami nikawaambia yale yale niliyoyapokea kwa bibi wa Kiajemi, ambayo kwake yalikuwa ya kumsengenya. Kwamba alikuwa mtu wa ajabu, Jumamosi hafungui duka hata ukilia, na harusi nyingi zimecheleweshwa kwa ajili ya uzi wake. Kwamba alikuwa bahili wa kuchagua, nyama ya mwenye nyumba haili, lakini mayai ya kuchemsha na tende anakula. Kwamba Ijumaa jua likizama alikuwa amekwisha kuwasha taa mbili ambapo moja ingetosha.

Kila nilipotaja jambo, wale watoto walitazamana. Yule wa meno ya waya akawa anaandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Mama," mwalimu akaniambia, "hayo yote ni ibada. Jumamosi, nyama, taa. Yote."

"Hakuwa bahili?"

"Pengine alikuwa, sijui. Lakini kwa hayo, hapana."

Nikamfikiria mtu yule nisiyemjua, peke yake katika nyumba ya wengine, anakula yai, analigusa bati, na pembeni bibi anavuta kiko na kumhesabia vituko. Na mimi nimekitunza kituko chake miaka yote hii pasipo kumjua mwenyewe. Mtoto wa Kihindi akauliza kama tunaweza kulifungua. Nilishtuka hata kikombe kikagonga sahani. Mwalimu akasema, "Hatufungui. Si letu." Nikampenda kwa neno lile.

Kosa lilikuwa wakati wa kuaga. Wakasimama koridoni kulipima kwa rula bila kuligusa, na binti wa meno ya waya akakiri kwamba walipofika yeye ndiye aliyelibonyeza, alidhani kengele. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikawa nawaambia shh, shh, maana ndani kuna mgonjwa. Lifti ikafunguka. Jirani yangu, na mifuko ya mboga. Siku ile, sijui kwa nini, hakubishana bei.

Akasimama. Akatazama watoto, mmoja mmoja.

"Kuna nini, hajja?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Mimi ambaye sijawahi kukosa neno. Mjukuu wangu ndiye aliyejibu, kwa Kiarabu chake cha shule, wazi wazi: hiki ni cha mtu wa Kiyahudi aliyekaa Deira zamani, na bibi yangu amekitunza.

Jirani yangu aliwatazama tena watoto, akaingia kwake, akafunga. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu, nikasikia komeo, na ningeona afadhali angeubamiza.

Sahani yangu ilikuwa kwake. Nilikuwa nimempelekea vitumbua mwanzoni mwa wiki. Haikurudi siku ya pili, haikurudi wiki ya pili. Nikimsikia anatoka, nangoja mpaka lifti ichukue. Simu ya mwanangu ikilia nawaza ndiyo hiyo, ameshasema, wameshaandika, tumeshaitwa. Usingizi ukanikimbia, presha ikapanda, na yote hayo nilitakiwa kuyafanya huku natabasamu mbele ya mkwe wangu, maana daktari alisema asitiwe wasiwasi. Alhamisi ilipofika nilisimama nyuma ya mlango na chetezo mkononi. Nikifungua, je, akiniona? Nisipofukiza, je, mtoto? Na nikifukiza, namfukizia nani sasa? Nilisimama hivyo hivyo mpaka ubani ukaisha wenyewe, moshi wote ukabaki ndani na mimi.

Uchungu ulimjia mchana, bado mapema mno. Nilisikia ananiita, "Mama," mara moja tu, kwa sauti ya chini, na nikajua. Mwanangu huko ghalani simu zao huwekwa kabatini wakiwa kazini. Nikapiga ya dharura, wakasema wako njiani. Lakini mkwe wangu alikuwa anasema kitu kinakatika, na daktari alikuwa ametuonya, ameshonwa huyu, akisikia uchungu msingoje. Nilitoka koridoni sina hata mtandio sawasawa. Mlango wenye gari upo mmoja tu.

Nikabisha. Nikabisha tena, kwa kiganja. Akafungua, mikono ina unga. Sikusema kwa mpangilio, nilisema mtoto, mtoto, anakuja. Alinitazama kidogo tu, akajifuta unga kwenye gauni, akachukua ufunguo.

Tukamtoa mkwe wangu, mimi huku, yeye kule. Tulipofika mlangoni akasimama. Nilijua atafanya nini na sikuweza kumzuia. Ni desturi yake, hatoki nyumbani hivi hivi. Mbele ya macho ya jirani yangu akanyoosha mkono, akaligusa lile bati, akavibusu vidole. Uchungu ukamshika pale pale, akabaki ameliegemea kwa kiganja, anapumua. Mimi nilifumba macho. Kweli nilifumba, kama mtoto.

Nikasikia sauti ya jirani. Ameizuia lifti kwa mguu.

"Yalla, binti yangu. Maliza. Lifti hii haina subira."

Njia nzima aliendesha gari kama mtu aliyelipwa, anapiga honi, anawatukana madereva kwa majina ya baba zao. Hospitali wakampokea mkwe wangu kwa kukimbia, milango ikafungwa, tukabaki sisi wazee wawili kwenye viti vya plastiki, kiyoyozi kinatupiga miguuni. Nilitaka kusoma dua, nikawa naanza moja naishia nyingine.

Baada ya muda akasema, "Sahani yako iko kwangu."

"Najua."

"Sikuileta kwa sababu sikuwa na cha kutia ndani. Sipiki. Leo ndiyo nilijilazimisha unga."

Nikaona heri niseme, liishe. "Mimi nilidhani umeudhika. Kwa kile kitu cha mlangoni. Siku ile na watoto."

Akanigeukia. Ilikuwa kana kwamba anakumbuka kwa shida ninasema habari gani.

"Sikutazama mlango," akasema. "Nilitazama watoto. Walikuwa wanne, wanacheka. Dada yangu alikuwa na wajukuu wanne."

Nilimshika mkono. Ulikuwa bado na unga mkavu kwenye kucha. Wiki zote zile nilikuwa nimekaa nyuma ya tundu langu la kioo najihofia mimi, na yeye upande wa pili yuko na hayo. Hatukusema tena mpaka nesi alipotoka kutuambia ni mvulana, mdogo, anapumua mwenyewe.

Alikaa hospitali kwenye lile sanduku la joto mpaka akapata nyama. Siku ya kumleta, mwanangu ndiye aliyembeba, na mimi nilitangulia kuja kufungua, nikasimama ndani, maana ahadi ilikuwa imefika. Bisibisi ilikuwa kwenye droo. Nilikuwa nimeamua sitasema neno, nitalipokea tu lile bati kwa mikono miwili lisiguse chini.

Mwanangu alitoka kwenye lifti, akatazama korido, kule na huku, kama alivyozoea kutazama siku hizi. Akafika mlangoni. Hapo akasimama, na sidhani kama alifikiri, ilikuwa kama mkono unavyojua wenyewe pa kuwasha taa. Alimwinua yule mtoto akamgusisha paji la uso kwenye bati, kama babake alivyomfanyia yeye. Kisha akaingia, akasema mtoto anahitaji kunyonya, chumba kiko baridi, nani ameweka kiyoyozi namna hii. Habari ya bisibisi hajaitaja mpaka leo. Na mimi simkumbushi.

Sisemi hofu imeondoka. Mwanangu bado anatazama korido. Mjukuu wangu anataka picha ya mlango iwekwe ukutani shuleni kwenye maonyesho yao, tumemwambia ngoja, anasema kila siku ngoja. Alhamisi nafukiza, lakini haraka, na mlango wazi kidogo tu. Sijui kama mwenyewe, yule muuza vitambaa, huko aliko, angependa ubani wangu. Mtu aliyefika mbali na kwao sikatai kumfukizia.

Juzi kijana wa pikipiki alikuja na mfuko wa chakula. Nikamwona kwa tundu la kioo anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena. Nilikuwa nimemshika mjukuu wangu wa kiume begani amelala, nikawa natembea polepole nisimwamshe. Mlango wa mbele ukafunguka. Jirani yangu akatoa kichwa, na sahani yangu iko mkononi, imefunikwa.

"Hiyo si kengele," akamwambia. "Gonga mlango. Gonga polepole, ndani kuna mtoto."

Hakumwambia ni nini.